Choo cha Wakaza Wana

Kabla sijaenda kuliona jeneza la Mama Ndunge, nilienda kukitafuta choo chake. Najua si adabu. Mtu akiingia matangani hupeana mikono kwanza, akalia kidogo, akaonyeshwa mahali pa kukaa. Lakini nilikuwa nimetoka Nairobi kabla ya jua, barabara ya kuelekea Matinyani ni ileile ya kuvunja viuno, na haja ilikuwa imenibana tangu mji wa Kitui. Isitoshe, nilijua choo kiko wapi. Kilikuwa nyuma ya jiko, penye mwarobaini, na kilikuwa pale tangu nikiwa mtoto wa kuvaa gauni moja.

Nilikuta udongo mbichi. Matofali ya kile choo yalikuwa yamerundikwa pembeni pamoja na mlango wake wa mbao, na juu ya rundo hilo limetupwa kopo la majivu, nusu yake imemwagika. Shimo lilikuwa limefukiwa na kushindiliwa, na juu yake likasimamishwa hema la wageni wa heshima, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Kijana mmoja mwenye beji kifuani aliniona nikizubaa akanieleza kwa upole kwamba kile choo cha zamani kilikuwa kinaharibu mandhari, kwa hiyo diwani ameagiza kijengwe kipya. Akanionyesha. Kilikuwa cha mabati yanayong'aa, kina kufuli, na ufunguo alikuwa nao diwani mwenyewe mpaka mheshimiwa mbunge afike. Nikamwuliza sisi wengine tujisaidie wapi. Akasema wananchi wanatumia kichaka, kama kawaida.

Niliinama nikaliokota lile kopo. Harufu ya majivu baridi iliyochanganyika na fukuto la shimo la zamani ni harufu ambayo wengine hawawezi kuistahimili, lakini mimi ndiyo harufu ya kwanza ya usafi niliyoijua. Waswahili husema mavi ya kale hayanuki. Waliosema hivyo hawakulelewa kwetu.

Nyumbani tulikuwa wengi. Palikuwa na babu, na susu, yaani mke wake babu, palikuwa na wakaza wana, wake wa wanawe watatu, na sisi watoto tuliojaa uwanjani kama vifaranga. Baba na ndugu zake walikuwa kazini mbali, wakirudi Krismasi na mkate wa sukari. Choo hatukuwa nacho. Watu wazima walikuwa na vichaka vyao, wanaume upande wa juu na wanawake upande wa bondeni, na kila mtu alijifanya hajui mwenzake anaenda wapi. Hilo lilikuwa na staha yake. Kilichonichefua, na kinanichefua hadi leo nikikikumbuka, ni mambo yetu sisi watoto.

Kwa maana susu alikuwa na fundisho lake, na kijiji kizima kilikuwa nalo: mavi ya mtoto anayenyonya si mavi. Ni maziwa yaliyobadilika rangi tu. Kwa hiyo mtoto alijisaidia popote alipokuwa amewekwa, akapanguswa kwa jani, na jani likatupwa nyuma ya ua wa miiba, kama alikuwepo mtu wa kulitupa. Kama hakuwepo, aliitwa mbwa. Mbwa wetu alijua kazi yake vizuri, na akimaliza hapo alikwenda kulamba sufuria. Mkono uliopangusa mtoto ulipanguswa kwenye leso, na mkono huohuo ukaingia kwenye chungu cha isyo, yale mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, kuonja kama yameiva. Nzi walikaa kwenye pembe za macho yetu kama watu waliolipia viti. Hatukuwafukuza, maana wangerudi tu.

Kisha watoto walikufa. Walikufa zaidi mwanzoni mwa mvua, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mvua ndiyo wakati wa watoto kufa, kama vile kiangazi ndicho wakati wa ng'ombe kufa. Dada yangu Kamene, aliyenifuata kwa kuzaliwa, alishikwa na tumbo msimu mmoja wa mvua hizo. Alihara mpaka macho yakazama. Tena susu alikataza asipewe maji, kwa hoja iliyoonekana na akili kabisa: mtungi unavuja, unaumwagia maji ya nini? Mama alitii, kwa kuwa mama alikuwa mkaza mwana na kazi ya mkaza mwana ilikuwa kutii. Mchana mmoja nilimkuta Kamene amejikokota hadi kwenye mtungi wa maji pale jikoni. Hakuwa na nguvu za kuufunua. Alikuwa anaulamba kwa nje, ule unyevunyevu wa baridi unaotoka kwenye udongo. Walimzika nyuma ya ghala. Siku hiyohiyo jioni tulikula, na nzi walewale wakala nasi.

Mama Ndunge alitujia si muda mrefu baada ya hapo. Alikuwa mjane wa mtu wa kijiji chetu aliyefanya kazi ya kutengeneza reli kule Emali, na mume alipokufa alifukuzwa kwenye nyumba ya kampuni, akarudi kwenye shamba la mumewe na binti mmoja, koleo la chuma la reli, na mdomo mchafu. Sisemi hivyo kumtukana. Mdomo wake ulikuwa mchafu kweli, na aliupenda ulivyo. Wanawake wa kwetu walikuwa na maneno ya kuzunguka: kwenda nje, kwenda bondeni, kuangalia mbuzi. Mama Ndunge alisema kunya. Alilisema hata kanisani, mbele ya mchungaji, ambaye alianza kutafuta zaburi haraka.

Kisa chake alikisimulia kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Kabla ya kwenda Emali alizaa hapahapa kwetu na akazika hapahapa, tena na tena, mpaka mama mkwe wake akaanza kusema ana jicho. Emali alizaa Ndunge, na Ndunge akaishi. Akajiuliza tofauti ni nini. Mume ni yuleyule, ziwa ni lilelile, Mungu ni yuleyule. Tofauti aliyoiona ni kwamba kwenye nyumba za reli palikuwa na vyoo, na palikuwa na msimamizi mkali aliyepita kila asubuhi kuangalia kama vimefagiwa na kumwagiwa majivu. Hakuwa na elimu zaidi ya hiyo, na hakujifanya anayo.

Alianzia kwenye mwethya, kile kikundi cha wanawake kilichokuwa kikichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, leo shamba la huyu, kesho la yule, kwa nyimbo. Aliwaambia waliojua kuchimba matuta wanajua kuchimba choo. Wengi walimcheka, kwa hiyo akaenda kwa wale wasioweza kucheka. Mtoto akifa mahali, Mama Ndunge alikuwa pale wiki ileile na koleo lake, akimwomba mama wa marehemu amwonyeshe nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipopotea njia. Niliona kifo, kisha nikamwona Mama Ndunge, kisha nikaona shimo. Nikajumlisha. Niliamini yule mwanamke anatangulia kuchimba kaburi la mtoto anayefuata, na kwamba watu wazima wanalijua jambo hili na wanalinyamazia, kama walivyonyamazia vichaka. Nikimwona njiani nilijificha kwenye mtama.

Chifu naye aliliona lile jambo, akaona cheo ndani yake. Akatangaza barazani kwamba kila boma liwe na choo, la sivyo atakuja na askari. Wanaume wakachimba haraka. Babu yetu alijenga choo kizuri kuliko vyote, cha matofali na mlango wa mabati, mbele kabisa ya boma ili mgeni akione kabla ya kuona nyumba. Bwana D.O., mkubwa wa chifu, aliletwa, akaonyeshwa, akaandika, akanywa chai. Chifu akawa mtu wa maendeleo. Na mvua ziliporudi, watoto wakahara vilevile na kuzikwa vilevile.

Mama Ndunge alichanganyikiwa. Vyoo vilijaa kijijini, na bado nyuma ya kila ua palinuka. Kwetu babu aliingia chooni kila asubuhi na kigoda chake cha kupumzikia nje na tumbaku yake, akikohoa kwa sauti ili boma zima lijue mwenye mji yuko kazini. Basi. Hakuna mwingine aliyeingia. Kwa hiyo tulikuwa na choo cha matofali chenye mavi ya mtu mmoja, tena yule aliyekuwa mzima kuliko sote. Kwa jirani, choo kilikuwa ghala la pojo. Mama mmoja alikitumia kuatamizia kuku.

Siku moja ya mwethya, walipokuwa wamemaliza tuta shambani kwetu na wameketi kungoja chakula, Mama Ndunge alifanya lile jambo lililompa jina la Mama Mavi maisha yake yote. Nilikuwepo, nimekaa miguuni pa mama, na mdogo wangu Kioko yuko mgongoni mwake, bado ananyonya. Mama Ndunge alikwenda nyuma ya ua wetu akarudi na jani, na juu ya jani kulikuwa na kinyesi cha Kioko cha asubuhi. Akaliweka chini katikati ya wanawake. Kando yake akaweka sahani ya isyo yenye mvuke. Kisha akakaa kimya, jambo ambalo hakulizoea.

Nzi walikuja. Walitua kwenye jani, wakatembea, wakajifuta miguu kama wazee wanaotoka shambani. Kisha wakaruka hadi kwenye sahani. Wakarudi kwenye jani. Wakaenda tena kwenye sahani. Kila mtu alikuwa ameshaliona hilo maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kulitazama. Mama Ndunge akaichukua ile sahani akaanza kuipitisha, mkono kwa mkono, akiwakaribisha. Hakuna aliyeonja.

“Mbona hamkuli?” akauliza. “Si hii ndiyo mnakulanga kila siku?”

Mwanamke mmoja aliinuka akatapika kwenye tuta jipya. Mimi nikamfuata. Wengine walimtukana Mama Ndunge, wakamwita mchawi, maana kushika kinyesi cha mtoto wa mtu ni mwanzo wa kumroga. Yeye akawauliza tena, kwa hasira ya kweli sasa: kama mnaona kinyaa hivyo, vyoo vyote vile nilivyowahangaikia mnavitakia nini, kuku?

Aliyejibu ni mama. Sijawahi kujua alipata wapi moyo. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na hata siku hiyo aligeuza uso upande kwanza ndipo akasema.

“Mama Ndunge, hiyo choo ni ya baba mkwe. Pale amevua nguo yeye, mimi pia nivue? Hiyo si choo, hiyo ni laana.”

Wanawake wote wakatazama chini. Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Kati ya mkaza mwana na baba mkwe kuna ile heshima tunayoiita nthoni. Mama akikutana na babu njiani alikwepa akaingia kichakani mpaka apite. Hakutamka jina lake. Hakula mbele yake. Mwanamke kama huyo ungemwambia apite mbele ya kigoda cha mzee, mchana kweupe, mzee akijua anakwenda kufanya nini, kisha achutame palepale alipochutama yeye. Afadhali kufa. Wala sisemi kwa mfano, maana watoto walikuwa wanakufa kweli.

Mama Ndunge aliketi juu ya tuta kama mtu aliyepigwa. Hatimaye akasema kwamba Emali aliishi na watu wa kila kabila, hapakuwa na baba mkwe wa mtu yeyote kwenye zile nyumba, na wake mwenyewe alikufa kabla hajaolewa. Akasema amekosea. Alikuwa amehimiza kijiji kizima kijenge vyoo ambavyo nusu ya kijiji hawawezi kuviingia. Nilikuwa nimezoea kuona watu wazima wakikosea, lakini yeye ndiye wa kwanza niliyemsikia akilisema.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuitamka: mashimo ya pili. Kila boma liwe na choo cha wakaza wana, upande wa jikoni, chenye njia isiyokutana na njia ya wazee, na watoto waende huko na mama zao. Kuitekeleza ndiko kulikuwa kama kula miiba. Babu alisema wanawake wakipewa choo chao, kesho watataka kigoda. Chifu alikasirika zaidi. Kuchimba vyoo vya pili kungekuwa kusema kwamba vya kwanza havitumiki, na yeye alikuwa ameshapeleka habari kwa wakubwa kwamba lokesheni yake, eneo la uchifu wake, ni safi. Akatuma neno kwamba mwanamke yeyote atakayechimba shimo bila ruhusa atamwona. Bado namwona mtu yule moyoni, kofia yake safi, viatu vyake safi, akila nyama kwenye matanga ya watoto ambao hesabu yake ilisema hawaharishi.

Wanawake walichimba. Walichimba siku za mwethya, na aliyeuliza aliambiwa ni mtaro wa maji. Zamu yetu ilipofika, Kioko alikuwa ameanza kuhara.

Nilijua mwendo wa ugonjwa ule kama njia ya mtoni. Kwanza kilio, halafu kilio kisicho na machozi, halafu kimya. Susu alikuwa ameshatoa amri yake ya maji. Mama Ndunge aliingia jikoni kwetu bila kupiga hodi, akabandika maji, akakoroga uji mwepesi wa kuteleza, akaanza kumpa Kioko kwa kijiko. Susu alisimama mlangoni akamwambia waziwazi kwamba mtoto akifa, amemuua yeye. Mama Ndunge alijua hilo si tusi la bure. Mtoto yule akifa na uji wake mdomoni, hakuna mwanamke angemsikiliza tena, na chifu angepata aliyokuwa akiyangoja. Alimtazama susu, akachota kijiko kingine. Kisha akampa mama kile kijiko, akamwambia asiache hata akitapika, akatoka kwenda kuchimba.

Nilimfuata. Nikamwona akipita kando ya mkeka wa Kioko na fimbo yake ya kupimia, akaenda nyuma ya jiko, akailaza ile fimbo chini, akachora. Ilikuwa fupi. Ilikuwa na urefu wa Kioko kabisa. Wanawake wakaanza kupiga mtaimbo, maana ardhi yetu ni mawe, na wakaimba. Nilishangaa wanavyoweza kuimba.

Walipopumzika kwenda kunywa maji, shimo lilikuwa limenifika kifuani. Niliteremka nikaketi ndani, nikatanua miguu na mikono ili nafasi yote iishe. Hiyo ndiyo mbinu niliyoipata. Shimo likiwa limejaa mimi, Kioko hatakuwa na pa kuwekwa. Waliporudi waliniambia nitoke, nikakataa. Wakanivuta, nikauma mkono wa mtu. Mama Ndunge aliwafukuza wote akashuka mwenyewe, akabanana nami mle ndani, jasho lake likinuka udongo, akaniuliza nina nini. Nikamwambia Kioko hatamchukua. Nikamwambia najua kazi yake, na kwamba Kamene anatosha.

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo. Alishika kidevu changu kwa vidole vyenye matope.

“Sikia, Mwende,” akasema. “Hii shimo ni ya mavi. Tukichimba hii vizuri, ile ingine hatuchimbi. Umesikia? Sasa toka, ama chukua koleo.”

Nilichukua koleo. Lilikuwa zito kunishinda, lakini nilitupa udongo kidogo nje, na mwingine ukanirudia kichwani, na wanawake wakacheka wakaendelea na wimbo.

Kioko hakufa. Alikaa siku kadhaa akiwa katikati, hayuko huku wala huko, mama akimpa kijiko kimoja baada ya kingine, akitapika, akipewa tena. Kisha asubuhi moja nilikuwa nimempakata mapajani nikahisi joto. Alikuwa amekojoa. Mkojo mwingi, unanuka, umenilowesha gauni lote. Mama alipouona alikaa chini jikoni akalia kwa sauti, kilio ambacho hakulia kwa Kamene. Susu alikuja akaangalia gauni langu, akaondoka. Baadaye alimletea mtoto maji yeye mwenyewe, kwa kikombe chake cha udongo.

Choo chetu cha pili kilikuwa kibaya. Kuta zilikuwa za fito na udongo, mlango ulikuwa gunia. Ndani kulikuwa na kopo la majivu na kipande cha kibuyu cha kuchotea. Siku ya kwanza mama alisimama jikoni muda mrefu akichungulia. Babu alikuwa uwanjani kwenye kigoda chake, kama kila siku. Kisha babu, aliyekuwa ameapa hatalitambua lile shimo, aliinuka, akageuza kigoda, akaketi tena akiwa ameupa upande wa jikoni mgongo. Alikohoa mara moja. Mama akapita. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa, babu alikaa akitazama upande ule mwingine, na hatukuwahi kulizungumza.

Mwaka hata mwaka, vyoo vya wakaza wana vikaenea hadi vijiji vya mbali. Sifa alizipata chifu. Nilimwona akivishwa kitu chenye utepe kifuani siku ya sikukuu, na Mama Ndunge yuko nyuma kwenye umati, anakula muwa. Watoto tuliopona tulimwimbia Mama Mavi njiani, nasi tulikuwa hai kwa ajili yake. Hakutujali. Alisema mdomo unaoimba tusi ni mdomo wenye nguvu.

Sasa turudi hemani. Diwani aliyeagiza choo cha Mama Ndunge kifukiwe, aliyekuwa na ufunguo wa kufuli mfukoni mwa suti, ni Kioko. Ni mdogo wangu yuleyule. Alikuwa amenenepa vizuri. Alikuwa ameshika kipaza sauti akiwaambia watu wawe na subira, mheshimiwa amechelewa kidogo lakini yuko njiani, na wakati huohuo akimsifu marehemu: mama wa maendeleo, mama wa usafi, taa ya lokesheni. Neno choo halikupita midomoni mwake. Watu walipiga makofi. Nilipomwendea hapo awali na kumnong'oneza kuhusu lile shimo, aliniambia kwa Kiingereza nisimletee aibu mbele ya wageni.

Wazee wa kike wa mwethya walikuwa wamekaa juani tangu asubuhi, chini, kwa kuwa viti vilikuwa vya waalikwa. Walikuwa wamebaki wachache, magoti yamekwisha, hakuna wa kushuka kichakani tena. Mama alikuwa kati yao. Nilimwona akihangaika, akibadilisha kalio. Kisha akashika mkongojo wake akainuka.

Alipita katikati ya hema. Kijana wa beji alijaribu kumzuia, mama akamsogeza kwa mkongojo. Alifika hadi meza kuu, mbele ya mwanawe, mbele ya wachungaji na wakubwa na wakwe wa kila namna, mwanamke ambaye ujana wake wote aliingia vichakani ili asionekane hata na kivuli cha baba mkwe. Hakugeuza uso upande safari hii.

“Kioko,” akasema, na kipaza sauti kikamchukua hadi barabarani. “Leta ufunguo ya choo. Nataka kunya.”

Kioko alifunika kipaza sauti kwa mkono, amechelewa. Akacheka cheko la watu wa meza kuu, akamwomba mama angoje kidogo tu, mheshimiwa ameshafika Kitui.

“Yeye amefika Kitui,” mama akasema. “Mimi nimefika hapa.”

Kioko aliutoa ufunguo. Mama akaufunga kwenye pindo la leso, akawapungia wenzake mkono, nao wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakishikana, wakafuatana kuelekea kwenye yale mabati yanayong'aa. Mimi nikakusanya majivu yaliyobaki kwenye lile kopo nikaenda nyuma yao, na wanawake wengine waliokuwa juani wakaja nyuma yangu.

Mheshimiwa alifika jua likianza kupoa. Aliposhuka garini alimnong'oneza Kioko sikioni, na Kioko akaja mbio kwa mama kuomba ufunguo. Mama hakumpa. Alimwonyesha mwisho wa foleni.